Inspekta na Mfuko wa Mama Vifungo

Hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Sokoni, kwenye foleni ya benki, hata kliniki ya meno alikokuwa bado anakaa mapokezi siku mbili kwa wiki, watu walimwita Inspekta. Ndivyo alivyoitwa katika tamthilia iliyorushwa kila Jumatano jioni. Humo alivaa koti refu la kijivu, akaingia katika nyumba za watu walioibiwa au waliofiwa, akawatazama kimya mpaka kimya chenyewe kikawawasha, kisha akasema, "Haya, tuanze upya." Watoto waliuiga mstari huo shuleni. Wanaume wazima walimpisha njia huku wameinua mikono: "Inspekta, mimi sina kosa!" Naye alicheka, akapita, kichwa juu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na sifa zilimfikia akiwa ameshazikatia tamaa. Kwa miaka kumi na tano aliigiza na kikundi cha jioni, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, watazamaji wengi wakiwa ni jamaa wa waigizaji. Alipopewa nafasi ya Inspekta alijua fika kwamba akili ile si yake. Mwandishi ndiye aliyejua mwizi ni nani tangu ukurasa wa kwanza. Kazi yake yeye ilikuwa kukariri na kukunja uso. Lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba ana jicho kali, ipo siku atajikuta anaamini. Mwaka wa tatu alikuwa ameanza kumwambia daktari wa meno ni mgonjwa gani anadanganya kuhusu kupiga mswaki.

Aliyemlea alikuwa shangazi yake, fundi wa magauni. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na baba yake alikuwa mtu wa safari, leo huku kesho kule, hivyo shangazi akamchukua akamlaza chumba cha nyuma cha karakana yake ya ushonaji. Alikulia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa na mlio wa cherehani. Ushonaji wenyewe ulimshinda. Kila mshono wake ulikwenda kombo, mpaka shangazi akasema, "Mwanangu, mkono wako haukuumbiwa sindano. Mungu hakosi, tutaona umeumbiwa nini."

Mle karakana alikuwamo mwanamke waliyemwita Mama Vifungo. Yeye hakukata wala hakuunga. Kazi yake ilikuwa umaliziaji: vifungo, kulabu, shanga, pindo za mkono. Nguo haikutoka mlangoni kabla haijapita mapajani mwake. Ndiye aliyempeleka yule mtoto shule siku ya kwanza, akamsuka nywele kila Jumapili, akamfundisha kufunga fundo la uzi kwa vidole viwili. Alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Alimwita yule mtoto "mwanangu", na aliendelea kumwita hivyo hata baada ya mwanangu kuanza kuonekana kwenye runinga.

Yaliyotokea yalianza Jumanne moja, saa nne asubuhi. Shangazi alipiga simu.

"Njoo. Gauni la bibi harusi halipo."

"Halipo vipi, shangazi?"

"Halipo! Jana lilikuwa kabatini, leo kabati tupu. Harusi ni Jumamosi. Njoo, mwanangu, wewe ndiye unayeyajua mambo haya."

Gauni lenyewe lilikuwa la mwalimu wa chekechea. Kitambaa kingeweza kununuliwa kingine, lakini kifuani palishonewa lesi iliyotoka kwenye gauni la marehemu mama yake, na lesi ile haikuwa na ya pili.

Simu ilimkuta Inspekta akirekodi. Mwongozaji alimpa ruhusa ya saa mbili, na kwa haraka, au ndivyo alivyojiambia baadaye, hakubadili nguo. Aliingia karakana ya shangazi yake na lile koti la kijivu. Mafundi walipomwona walipiga makofi. Fundi wa mashati alisema kwa sauti, "Leo mwizi atajuta kuzaliwa!" Wateja wawili waliokuwa wamekuja kupima nguo waliahirisha kuondoka. Mmoja alitoa simu akaielekeza kwake. Yule mwalimu wa chekechea alikaa kwenye kigoda pembeni ya pasi, kitambaa cha kufutia machozi kimelowa mkononi.

Hapo ndipo angeweza kumchukua shangazi yake chumba cha nyuma, akafunga mlango, akamuuliza taratibu. Hakufanya hivyo. Alisimama katikati, akayatazama macho ya watu yaliyomngoja, akasikia mwili mzima unachangamka kama taa zimewashwa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, tuanze upya."

Watu waliguna kwa raha.

Aliuliza nani ana ufunguo wa kabati. Wawili tu: shangazi na Mama Vifungo. Aliuliza nani aliondoka wa mwisho jana. Fundi wa mashati akasema Mama Vifungo, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba aliondoka na mfuko mkubwa wa kitambaa, umejaa. Tena si jana tu. Karibu kila jioni, tangu miezi mingi.

Inspekta akageuka taratibu, kama alivyofundishwa, bega kwanza halafu uso.

"Mama Vifungo. Mfuko ule ulikuwa na nini?"

Yule mama alikuwa anashona kulabu. Hakuinua kichwa. "Kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya hapa."

"Kazi ya hapa hufanyiwa hapa. Ya kupeleka nyumbani ni ipi?"

Mama Vifungo aliinua macho, akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anazungusha pete kidoleni, anatazama dirisha. Kisha Mama Vifungo akarudisha macho kwenye sindano, na vidole vikaanza kutetemeka kiasi kwamba tundu la kulabu lilimponyoka mara mbili. Watu wote waliona. Inspekta naye aliona, na katika hadithi zote alizowahi kuigiza, mikono inayotetemeka ilikuwa na maana moja tu.

"Mwenye ufunguo ni yeye," alisema, akiinua kidole kimoja baada ya kingine. "Aliyetoka wa mwisho ni yeye. Mwenye mfuko ni yeye. Na asiyetaka kusema mfuko una nini ni yeye." Akavuta kiti kilichokuwa nyuma ya Mama Vifungo, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, akakaa karibu naye. "Gauni liko wapi, mama?"

Mwenye simu alisogea hatua moja mbele.

Mama Vifungo alichomeka sindano kwenye kimto chake cha pini. Alivua kamba ya ufunguo shingoni, akauweka mezani mbele ya shangazi, si mbele ya Inspekta. Akachukua kanga yake, akajifunga, akatoka. Mlangoni yule mwalimu wa chekechea alimlilia, "Mama, nakuomba, lesi tu! Gauni baki nalo, nipe lesi tu!" Yule mama alisimama kidogo kama aliyepigwa na kitu mgongoni, kisha akaenda zake.

Fundi wa mashati alitaka polisi waitwe. Shangazi akasema, "Hapana, hapana," bila kueleza kwa nini. Inspekta akarudi kurekodi, na watu walimsifu njia nzima. Kufika jioni ile video ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu: *Inspekta akamata mwizi wa kweli.* Aliitazama mara tano. Mara ya tano aliona jambo dogo lililomkera. Katika picha, wakati kila mtu alimtazama yeye, shangazi peke yake alionekana kama mtu aliyeingia nyumba asiyoifahamu. Akazima simu.

Alhamisi mchana alimpelekea shangazi dawa za presha nyumbani. Alimkuta amekaa kitandani, amevaa vizuri, ametulia. Inspekta akafungua kabati la nguo atafute blanketi. Nyuma ya magauni ya zamani, ndani ya shuka safi iliyobanwa kwa pini, lilining'inia gauni jeupe. Alilitoa. Lesi ilikuwa kifuani, nzima, imekaa mahali pake.

"Lirudishe!" shangazi alisema kwa ukali. "Mikono umenawa? Hilo ni la mama yako."

"La mama?"

"Anakuja kesho kulijaribu. Nimelileta huku maana kule karakana watu wana mikono mirefu." Akatabasamu. "Kaka yangu amepata mke, mwanangu. Utampenda."

Mama yake alikuwa kaburini miaka thelathini na mitano.

Alikaa sakafuni na gauni mapajani. Kilichomjia kwanza, na hili hakuweza kulisamehe kwa muda mrefu, hakikuwa huruma kwa shangazi yake. Ilikuwa ile video. Ni watu wangapi wameiona? Ndipo aibu ikampata.  Alikumbuka alivyoinua kidole kimoja baada ya kingine. Alikumbuka kwamba mikono iliyotetemeka ndiyo iliyomsuka nywele.

Alimpigia mwalimu wa chekechea akamwambia gauni limepatikana, salama. Jirani akakubali kukaa na shangazi. Kisha akatoka bila koti.

Mama Vifungo aliishi chumba kimoja na kijiukumbi, juu ya duka la viatu. Aliyefungua mlango alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe. Alimtazama Inspekta juu mpaka chini, hakumwambia karibu wala ondoka. Aliacha mlango wazi akaingia jikoni. Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye meza karibu na dirisha. Mbele yake palikuwa na rundo la nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Gauni limepatikana. Lilikuwa kwa shangazi. Kabatini kwake."

"Nilijua litakuwa huko, au chini ya kitanda. Mwezi uliopita suruali za mteja wetu mhasibu nilizikuta kwenye sufuria jikoni kwake."

 Macho ya Inspekta yakaenda kwenye lile rundo. Juu kabisa palikuwa na koti la mwanamume, kitambaa kizuri, na lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Chini yake sketi iliyokatwa nusu kipimo. Chini yake blauzi ambayo matundu ya vifungo yalitobolewa mgongoni. Mkato wa zote ulikuwa wa shangazi. Mama Vifungo alikuwa akizibeba jioni, anafumua, anakata upya, anaunga, anazirudisha asubuhi kabla mafundi hawajafika.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka na nusu."

"Kwa nini hukusema? Siku ile, nilipokuuliza?"

"Niseme mbele ya nani? Mbele ya wateja? Mbele ya yule wa mashati, ambaye mdomo wake hauna kifungo?" Alivaa miwani, akavua tena. "Shangazi yako aliniomba. Siku moja akili ilipomrudia alilia, akaniambia, nisitiri, wasinione nimekuwa mtoto. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Basi nikawa mwosha."

"Ungeniambia mimi basi. Mimi ni kama mwanawe."

"Ungekuja lini nikuambie?" Sauti yake haikupanda. "Unakuja mara moja kwa mwezi, dakika kumi, unapigwa picha na mafundi, unaondoka. Shangazi yako alikuita kwa jina la mama yako mara mbili mbele yangu. Ukacheka, ukafikiri anatania."

Ni kweli alicheka. Hata alikumbuka kicheko chenyewe.

Alipiga magoti pale sakafuni, akashika ncha ya kanga ya yule mama. "Nisamehe. Sikujua. Sijui niseme nini."

"Inuka, inuka, sakafu chafu." Mama Vifungo alimvuta kwa kiwiko mpaka akakaa kitini. "Mjukuu wangu jana ameambiwa shuleni kwamba bibi yake mwizi. Amerudi hajala. Kuniambia mimi samahani humu ndani, tumekaa wawili, yeye itamfaa nini?"

"Nitasema mbele ya watu. Kesho. Nitaeleza yote."

"Si yote." Kidole chenye subana, kile kikofia cha kushonea, kiligonga meza. "Shangazi yako usimtaje. Nimemficha mwaka na nusu, nimeitwa mwizi kwa ajili yake. Usije wewe ukamwanika kwa siku moja ili uonekane mkweli. Nisafishe mimi, na yeye umwache na heshima yake. Utakavyoyapanga maneno ni kazi yako, si ndiyo kazi yako?"

Ijumaa saa tatu asubuhi Inspekta alisimama tena katikati ya karakana. Mafundi walikuwapo wote. Mwalimu wa chekechea alikuwapo. Alikuwa amemtafuta hata yule mteja aliyerekodi, akambembeleza aje na simu yake. Safari hii hapakuwa na makofi. Mama Vifungo alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, amekaa mahali pake, gauni jeupe mapajani, kwa sababu kulabu nne za mwisho zilikuwa hazijashonwa na harusi ilikuwa kesho.

Alikuwa amekariri maneno usiku kucha. Alipofungua mdomo halikuja hata moja.

"Gauni halikuibwa," alisema. "Lilikuwa nyumbani kwetu. Sisi wenyewe wa familia ndio tuliolihamisha. Mimi nilikuja hapa kuwauliza watu kabla sijauliza kwetu. Huyu mama hajachukua kitu. Hajawahi. Mfuko wake ulikuwa na kazi ya hapa, kama alivyosema, na alisema mara mbili, mimi sikumsikia kwa sababu…" Akakwama. Simu ilikuwa inamtazama. "Kwa sababu mlikuwa mnanitazama, na ilinipendeza. Mimi si mpelelezi. Mimi naandikiwa. Nimemwita mwizi mwanamke aliyenilea, mbele ya watu, nikiwa nimevaa nguo ya kuigizia."

Fundi wa mashati aliuliza, "Sasa nani wa familia alilihamisha?"

"Wa familia," alijibu.

"Nani sasa? Wewe?"

 Upande wa pili wa chumba shangazi alikuwa anakunja vitambaa vyeupe, anavikunjua, anavikunja tena. Mama Vifungo alikuwa ameacha kushona.

"Sema ni mimi," alisema Inspekta.

Fundi wa mashati akaguna. Video ile nayo ilisambaa, kwa kasi kuliko ya kwanza. Wapo waliosema alilificha gauni mwenyewe ili apate sifa. Wapo waliosema ni tangazo la tamthilia. Kwa wiki nyingi alipopita sokoni hakuna aliyeinua mikono, na siku moja muuza vitunguu mmoja alikumbatia kapu lake, akasema, "Jamani, tuficheni mali, Inspekta huyo!" na soko zima likaangua kicheko. Alinunua vitunguu vyake kichwa chini. Mtayarishaji yeye alifurahi, akataka kisa chote kiandikwe kiwe sehemu mbili za tamthilia. Alipokataa, waligombana, na mwaka uliofuata nafasi ya Inspekta ikapewa mwigizaji mwingine, msichana mrembo mwenye sauti nzito. Alirudi kliniki ya meno siku tano kwa wiki. Wagonjwa walimwuliza kama ni yeye. Alijibu kwamba alikuwa yeye.

Mwalimu wa chekechea aliolewa akiwa na lesi ya mama yake kifuani. Mjukuu wa Mama Vifungo alionyeshwa ile video ya pili na mwalimu wake mbele ya darasa, akarudi nyumbani akala sahani mbili. Karakana ilibaki chini ya Mama Vifungo, na shangazi akawa anakaa humo mchana, karibu na dirisha, watu wakiambiwa kwamba mikono yake imechoka na sasa anapumzika. Jumamosi na Jumapili Inspekta alikuja kumwogesha, kumlisha, kuitikia kila jina aliloitwa. Siku nyingine aliitwa wifi, akaitika.

Mama Vifungo alimpokea kila mara, akampa chai, akamuuliza habari za kazi. Alimwita "dada", kama anavyowaita wateja. Neno "mwanangu" halikurudi.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mchana mmoja walikuwa wawili tu, shangazi amesinzia, nao wanakunja pazia refu, kila mmoja ameshika upande wake. Inspekta alikusanya moyo.

"Mama, ulinisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile, ulipopiga magoti."

"Kweli?"

"Kweli. Mimi siweki kinyongo, sina pa kukiweka." Alivuta pazia liwe sawa, akatazama pindo. "Ila mtu akivuta kiti nyuma yangu, bado nashtuka. Sindano inanidunga. Nimejaribu kuacha, haijaacha."

 Inspekta alisogea mbele na ncha zake mbili za kitambaa, akazikutanisha na za yule mama, wakakunja tena, na tena, mpaka pazia likawa dogo la kuenea mikononi. Kisha Mama Vifungo akamwambia achukue lingine.